Kijani cha Shangazi Mifupa

9 Januari

Mpendwa Zege,

Nakusalimu kwa vidole vya baridi, maana huku niliko ukungu unaingia asubuhi hadi chumbani na kujikalia kitandani kama mgeni aliyealikwa. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika kwenye vilima na kunyamaza kwenye tambarare, nami nimeamua kutolisikiliza. Natumaini barua hii itakukuta kwenye daraja lako, na ile helmeti ya njano kichwani, ukiwafokea watu wenye ndevu.

Najua utauliza kwa nini barua na si simu. Simu nimeiacha kwenye droo ya jikoni makusudi, pamoja na chaja yake. Ningekuwa nayo, ukoo mzima ungenipigia kuniuliza narudi lini. Barua ina adabu. Inasubiri nimalize chai.

Sasa nikueleze, maana siku naondoka hukuwepo na umesikia la upande mmoja. Mimi maisha yangu yote ya kazi nimekaa kwenye chumba chenye giza nikipiga watu eksirei. Mbavu, nyonga, vifundo, mafuvu. Nyeusi, nyeupe, kijivu. Ndiyo maana nyie watoto mkaniita Shangazi Mifupa, na sikukasirika kwa sababu ni kweli. Siku ya kustaafu nilitoka hospitalini na zawadi yangu ya saa ya ukutani, nikasimama chini ya mti pale kwenye maegesho, nikatazama juu. Jua lilikuwa nyuma ya majani. Nilisimama mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo. Kesho yake nikaenda kununua kamera.

Napiga kijani. Kijani peke yake, kila aina yake nitakayoweza kuifikia kwa miguu yangu kabla haijagoma. Baba yako alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama yuko kwenye ukaguzi wa shamba la mtu, akasema, "Dada, umri huu unakimbiza rangi?" Nikamjibu vibaya. Tangu hapo hatujasemezana, na hilo tuliache lilivyo.

Nakutumia mbili za kuanzia. Ya kwanza ni mashamba ya chai baada ya mvua. Ya pili ni yale manyoya mabichi yanayoota kwenye mawe. Nililala kifudifudi kuyapiga na mchunga ng'ombe mmoja akadhani nimezimia.

Niandikie kuhusu nguzo zako. Wasalimie wote walioko nyumbani.

Baba yako wa kike,
Shangazi


2 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimecheka mpaka fundi wa nondo akaja kuchungulia dirishani. Mimi sijambo kabisa, nimekuwa mweusi kwa jua kama sufuria. Nyumbani nilipita wiki iliyopita, baba na majirani wote wazima; mabati ya jikoni yamezibwa, na paka wa jirani kazalia kwenye kapu la nyuzi ulilotuachia. Nimemwacha.

Nguzo ya pili tumemwaga juzi! Tulianza alfajiri ili jua lisitukute, maana zege likikauka haraka linapasuka. Nilishinda hapo hapo, nikilimwagia maji na kuligusa kwa kiganja kama mama anayemgusa mtoto mwenye homa. Lilipofika jioni halina hata ufa mmoja, yule msimamizi mzee ambaye hunisalimia kwa kuinua kidevu tu alisema, "Aisee." Hiyo kwake ni hotuba. Wakimaliza nguzo wameniahidi sakafu ya juu yote iwe yangu. Nitakapokuwa bibi nitawapitisha wajukuu pale na kuwaambia tembeeni taratibu, hapa ni mgongo wangu.

Picha zako nilizibeba hadi nyumbani. Baba alivaa miwani, akavua, akaifuta, akavaa tena. Nikajua anatafuta la kusema. Akasema, "Mwambie kijani kipo hata nyuma ya choo chetu." Kisha akaiweka ile ya chai mezani kifudifudi. Samahani, sitaki kukuficha.

Hivi kweli kuna kijani cha kutosha kuzunguka nacho mwaka mzima?

Mwanao,
Zege


24 Februari

Zege wangu,

Salamu kutoka ukingo wa ziwa ambalo jina lake nimelisahau na wenyeji hawalitumii, wanasema tu "majini". Mwenye nyumba ya wageni ni mjane mwenye mdomo mtamu. Ananiita Mwalimu na sijamsahihisha.

Mwambie huyo aliyesema hivyo kwamba kijani cha nyuma ya choo nilikipiga kabla sijaondoka, na kilikuwa kizuri sana.

Umeniuliza kama kinatosha. Mwanangu, nilidhani kijani ni kimoja na vivuli vyake viwili vitatu. Jana peke yake nimepiga kijani cha chura, ambacho kina njano tumboni mwake, na kijani cha maji yaliyolala, kizito kama dawa ya kikohozi. Nimepiga kangaga, yale majani yanayochipuka yamejikunja kama sikio la mtoto mchanga, na hayo kijani chake bado kina maziwa. Na yote hayo yanabadilika ukichelewa. Saa nne asubuhi jani lina rangi, saa sita limepauka kama kanga iliyofuliwa kila siku, alasiri linarudi na hasira. Nimejifunza kukaa. Mtu anayepiga eksirei humwambia mgonjwa, "Tulia, usipumue." Sasa najiambia mwenyewe.

Ile ninayojivunia kuliko zote nimeiweka juu ya hizi picha ninazokutumia. Ni jani la muhindi kando ya barabara, la chini kabisa, ambalo kijani chake kinageuka dhahabu kuanzia ncha hadi katikati, kama mtu kalichovya. Nilipiga magoti kwenye matope kwa ajili yake. Nimekiita kijani cha dhahabu. Ningekuwa na ukuta ningeitundika peke yake.

Hongera kwa nguzo. "Aisee" ya mtu kama huyo uiweke kwenye fremu.

Shangazi


5 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mengi. Sisi wazima. Mvua zimeanza. Watoto wa paka wamefumbua macho.

Daraja linaendelea vizuri.

Picha za ziwani nimezipenda mno, hasa hiyo ya muhindi. Baba hana la kusema.

Nina ombi. Ukipata mahali pa kuchapisha, nitumie nyingine, na ziwe kubwa, kiasi cha kuonekana na mtu aliye mbali kidogo. Zozote tu. Usiharakishe safari yako. Tafadhali usiharakishe.

Zege


29 Aprili

Mpendwa Zege,

Usishangae mwandiko. Meza ya hapa ina mguu mfupi, inacheza. Mimi mzima, nakula, nalala. Nimehamia upande wa milimani, kuna maporomoko ya maji na baridi ya kutosha kuuza.

Nimekuchapishia sita kubwa, kwa studio moja ya mjini yenye mashine ya kelele. Nyingine zitafuata.

Barua yako nimeisoma nikitafuta zege, sijaliona. Mtu aliyejaza ukurasa mzima kunieleza jinsi ya kumwagilia nguzo leo ananiandikia "linaendelea vizuri", maneno ambayo hata mbunge anaweza kusema. Na mhuri wa posta kwenye bahasha ni wa mjini kwetu, si wa huko darajani. Na tangu lini baba yako akakosa la kusema kuhusu jambo ninalolifanya mimi?

Sitakuhoji. Nimefanya kazi na wagonjwa, najua anayesema "haiumi" huku kashikilia ukingo wa kitanda. Ukiwa tayari utaniambia inauma wapi.

Shangazi


28 Mei

Shikamoo Shangazi,

Mimi sijambo. Hilo ni kweli, na yatakayofuata ni ya kweli pia, maana umeshaniumbua.

Siko darajani. Niko nyumbani, barazani, nakuandikia mapajani. Mwanzoni mwa Machi baba alianguka bafuni akinyoa ndevu. Jirani alisikia maji yanamwagika tu bila kufungwa, akaja kugonga. Ni kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vimelala, na maneno yalikwenda yote. Daktari alisema anaelewa kila kitu isipokuwa ulimi umepoteza njia. Fikiria, Shangazi, mtu aliyekuwa anabishana na redio.

Niliandika kwamba hana la kusema kwa sababu sikuweza kudanganya moja kwa moja. Ningekuambia ungegeuza siku ile ile. Tangu mama atutoke hakuna mtu katika nyumba hii aliyefanya jambo kwa kulipenda tu. Nilitaka angalau mmoja wetu abaki huko anakokupenda. Daraja nimeomba ruhusa, likizo imeisha, wameniongezea, nayo inakwisha.

Mtaalamu wa matamshi pale hospitali alitupa kadi za picha. Kikombe, kijiko, mbwa, mpira. Baba alizitazama akafumba macho. Aliona aibu. Bwana shamba wa wilaya nzima, mtu aliyekuwa akisimamishwa barabarani na wakulima, leo anaambiwa ataje kijiko! Nikazirudisha kadi kwenye bahasha. Nikabandika picha zako ukutani mbele ya kitanda chake, zote, mpaka chumba kikawa kama kichaka. Akawa anazitazama tangu asubuhi. Wiki baada ya wiki, kimya.

Jumanne iliyopita nilikuwa nafagia. Nikasikia nyuma yangu: "Lina njaa."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini maneno yalikuwa kamili. Fagio likaniponyoka. Nikajua amesema ana njaa, ulimi umeteleza kidogo tu, na nani anajali? Nilikimbia jikoni nikapasha uji. Nikampelekea kijiko mdomoni, akageuza uso.

"Lina njaa."

"Ndiyo baba, kula."

Akaupiga mkono wangu kwa mkono wake mzima. Uji ukaruka hadi ukutani. Akanyoosha kidole, na kidole kilikuwa kinaelekea kwenye jani lako la muhindi.

"Jani," akasema, jasho linamtoka. "Li-na. Njaa." Akapumzika. Kisha, kwa dharau ile ile ya zamani: "Mbolea."

Shangazi, ulimi haukuteleza! Alikuwa anaikosoa picha yako. Kile kijani chako cha dhahabu ni jani lililokosa mbolea. Nilikaa sakafuni kwenye uji nikacheka na kulia kwa pamoja, naye akawa ananitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Nimekueleza yangu yote. Sasa zamu yako. Hakuna meza duniani inayolaza herufi kuelekea kushoto. Umeandika kwa mkono gani, na ule mwingine uko wapi?

Mwanao,
Zege


11 Juni

Zege, mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama posta, nilipofika kwenye uji nikakaa kwenye ngazi, na watu wakawa wananiruka. Sikulia pale. Nililia baadaye, chumbani, kwa utaratibu.

Lina njaa! Jani nililolipigia magoti! Nimemkasirikia sana kaka yangu, na sikujua kama kumkasirikia kunaweza kuwa na raha kiasi hiki.

Haya, yangu. Mwezi wa nne niliteleza kwenye mawe ya maporomoko, nikainua kamera juu isilowe, mkono wa kulia ukachukua uzito wote. Kifundo kimevunjika. Zahanati ya hapa ina mashine ya eksirei ya zamani, ndugu ya ile niliyoanza nayo kazi. Binti aliyenipiga aliniuliza, "Mama, umewahi kupigwa eksirei?" Nikacheka, nikamwambia hapana, na ndiyo ilikuwa kweli. Alipoibandika picha kwenye taa nilisogea karibu. Mifupa yangu mwenyewe sikuwahi kuiona, Zege. Ilikuwa ya kijivu kama ya watu wote, na ufa mwembamba kama unywele. Nikamwambia kaipiga vizuri, akafurahi. Plasta imebaki kidogo kutolewa. Nimekuwa nikipiga picha kwa mkono wa kushoto, kamera nimeiegemeza mtini, na baadhi zimetoka nzuri kuliko za kulia.

Sikukuambia kwa sababu zako zile zile. Inaelekea tumelelewa na watu wale wale.

Sasa sikiliza, kuna kazi. Kaka yangu ukimwomba ataje kitu hatakitaja. Tangu utotoni yuko hivyo. Lakini ukisema uongo mbele yake juu ya jambo analolijua, hawezi kuvumilia, hata akiwa amelala atafufuka akusahihishe. Nimekutumia kumi kubwa. Nyuma ya kila moja nimeandika maelezo, na yote nimeyakosea makusudi. Msomee kwa sauti, kwa uhakika, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Usicheke. Halafu umwache ateseke.

Umeniambia nisiharakishe. Nitakujibu waziwazi. Natamani kuja leo. Lakini nikija bila kuitwa, atadhani nimekuja kumtazama alivyoanguka, baada ya yale tuliyoambiana mlangoni. Mimi namjua, angegeuka ukutani asiseme tena. Akiniita yeye, nitakuja hata na hii plasta. Usimwombe aniite. Usimfundishe neno hilo.

Shangazi


2 Julai

Shikamoo Shangazi Mwongo,

Hilo jina si langu, nitakueleza. Mkono unaendeleaje? Hapa jua limerudi, nguo zinakauka, na mimi nimeanza kulala usiku.

Nilianza na ile ya majani yenye vidole. Nikasoma: "Hili ni jani la mhogo lililokomaa." Baba akafungua jicho moja. Nikasoma tena, polepole, kama ulivyoniambia. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Si... si mhogo," akasema. "Mpira. Mti wa mpira."

"Shangazi ameandika mhogo, baba."

"Mwongo."

Ndiyo asili ya jina lako. Ile ya mbawakawa mgongo unang'aa, uliyoandika "kijani halisi kisicho na mashaka", imetuletea vita. Baba akasema, "Buluu." Mimi nikasema kijani. Jirani akaitwa, akasema kijani. Mwenye kuleta maziwa akasema buluu, akapewa mkono na baba, wa kushoto. Kila jioni sasa ni baraza. Anakosa maneno mengi bado, anatafuta, anashika hewa, akilikosa anapiga godoro ngumi. Lakini anabishana, Shangazi. Mtaalamu wa matamshi alikuja akasimama mbele ya ukuta, akaniuliza nani katunga mazoezi haya. Nikamwambia ni mtu wa mifupa.

Nilimsomea pia habari za kuvunjika kwako. Alinisimamisha. "Mkono?" Nikasema ndiyo, mkono. "Upi?" Wa kulia. Akautazama wa kwake wa kulia uliolala juu ya shuka, akautazama sana, kisha akaufunika kwa wa kushoto.

Sasa jambo lenyewe. Juzi bosi wangu alipiga simu. Nguzo zimekwisha, Agosti wanaanza sakafu ya juu, wanataka kujua kama narudi au wampe mtu mwingine. Nilitoka nje, barazani, ili baba asisikie. Nikasema wampe mtu mwingine. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, nikajisifu moyoni kwa hilo.

Ndani kukapigwa kelele: "Hapana!"

Nilikimbia nikidhani kaanguka. Alikuwa kakaa kitandani peke yake, miguu chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Hapana," akasema. "Hapana. Wewe... wewe..." Akanionyesha dirishani, mbali, kule ninakoelekea kila nikienda kazini. Neno daraja halikuja. Akafanya kwa mkono, hivi, kitu kinachopita juu ya kitu. Machozi ya hasira yanamtoka. Nikamwambia, "Baba, nani atabaki na wewe?"

Akainamisha kichwa. Nilidhani amechoka. Kisha akasema, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Mwite. Dada."

Sikumwomba, Shangazi. Sikumfundisha. Nimeambiwa nikuite, nami nakuita. Nilimpigia bosi tena, nikamwambia nilikosea.

Mwanao,
Zege


14 Septemba

Mpendwa Zege,

Salamu kutoka nyumbani kwenu, ambako mimi ndiye ninayekaa sasa na wewe ndiye uliye mbali, na naona tumekuwa sawa tu hivi. Barua yako ya sakafu nilimsomea baba yako, akataka nirudie pale ulipoandika jinsi mlivyomwaga kuanzia alfajiri hadi giza bila kusimama, na yule mzee wako akakuletea chai mwenyewe. Aliporidhika akasema, "Aisee." Sikujua kama anamwigiza au ni yake.

Hujaniuliza tulionana vipi, kwa heshima najua. Basi nikuambie. Ile siku nilifika na begi begani na mkono umekonda kutoka kwenye plasta, mweupe kama muhogo uliomenywa. Alikuwa barazani, wewe umemwegemeza na mito kabla hujaenda sokoni. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilipomwona yalikimbia. Akanitazama juu hadi chini, akasema, "Umekonda." Nikamwambia, "Na wewe umenenepa." Ikawa ndiyo salamu, na ndiyo msamaha, hatujagusa tena yale ya mlangoni na sioni haja.

Anatembea na fimbo mpaka uani. Amenichimbisha kitalu cha mboga. Mimi ndiye mkono wake wa kulia na yeye ndiye mdomo, na mdomo huo hauchoki. Nisiposhika jembe anavyotaka anafumba macho kwa uchungu. Sijawahi kufanya kazi na daktari bingwa mkali kiasi hicho. Simmalizii sentensi zake. Nimejifunza hilo. Akitafuta neno namwacha alitafute, hata chai ikipoa.

Sasa la jana. Nilikuwa nakunja nguo, naye amekaa kwenye kiti chake kuelekea ule ukuta wa picha. Akasema, "Utaondoka lini?"

Zege, shati lilinibaki mkononi. Nikajua nimemchosha, nimekaa zaidi ya kipimo, nimeshika nyumba yake kama yangu. Nikasema nitaondoka wakati wowote akitaka. Akatikisa kichwa. Akatafuta. Nilihesabu maua ya pazia ili nisimsaidie.

"Novemba," akasema. "Mvua za kwanza. Kule juu... kwenye miti mikubwa. Majani mapya yanatoka... mekundu."

"Mekundu?"

"Mekundu. Msitu mzima. Kama... kama moto. Halafu siku chache tu. Yanageuka." Akainua fimbo, akaipitisha polepole kwenye ukuta mzima, picha moja baada ya nyingine, tangu chai mpaka mbawakawa. "Hujapiga hayo. Nimetafuta. Hayamo."

Nikaona kwamba mwanamume huyu ambaye nilidhani anatafuta makosa yangu, muda wote ule alipokuwa hana neno hata moja, alikuwa akitafuta picha iliyokosekana. Na alikuwa nayo. Ameiona kwa macho yake miaka yote aliyozunguka kazini, kijani kabla hakijawa kijani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nikamwambia mimi huko sikujui, ningepotea. Akasema, "Mimi naijua njia." Nikamwambia kuna vilima, na gari litatikisika, na daktari atatugombeza wote wawili. Akasema daktari si mwenye gari. Nikamtazama. Alikuwa amekaa wima, fimbo kati ya magoti, kama zamani akisubiri dereva wa idara aje kumchukua.

"Mimi nitakaa mbele," akasema.

Nilikuwa na la kujibu. Nina umri wa kutosha, nina kamera, na mpiga picha ndiye anayekaa mbele, mtu yeyote anajua hivyo. Nikakunja shati lake, nikaliweka juu ya mengine, nikamwambia sawa.

Shangazi yako